Mkulima, Saa Yako Ina Bei Gani?



Ziko mithali mbili ambazo kila mtoto wa shule azijua. Moja yasema, "Haba na haba hujaza kibaba." Nyingine yasema, "Wakati ni mali." Ya kwanza yatufundisha kushika senti, na ya pili yatufundisha kushika saa. Siku nyingi waweza kuzifuata zote mbili bila taabu. Lakini iko siku zinapogombana. Ili uokoe shilingi hamsini, yakubidi upoteze saa nzima. Na ili uokoe saa nzima, yakubidi utoe shilingi hamsini. Siku hiyo utafuata ipi?

Wengi wetu hujibu kwa mazoea. Aliyelelewa katika shida hushika shilingi, hata kama siku nzima yapotea. Aliyezoea mambo ya haraka hutoa shilingi, hata kama hana kazi ya kuifanya saa ile aliyoinunua. Mimi nasema ya kwamba mazoea si hesabu. Shilingi twaihesabu kila jioni kwa sababu yakaa mfukoni. Saa haikai mfukoni, kwa hiyo hakuna anayeihesabu, na kitu kisichohesabiwa hudhaniwa kuwa ni cha bure. Hapo ndipo hasara inapoingia nyumbani bila kubisha hodi.

Mwezi huu nataka tuwatazame watu wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, kisha turudi shambani. Kwa nini Eastlands? Kwanza, wengi wenu mna ndugu na watoto huko: Shauri Moyo, Makongeni, Jericho, Umoja, Dandora, Kayole. Pili, viazi na kabichi zenu huliwa huko. Tatu, mtu wa Eastlands hulazimika kupima saa na shilingi kila siku, asubuhi na jioni, wakati mkulima aweza kuishi mwaka mzima bila kujiuliza swali hili.

Njia moja, majibu mawili

Mitaa ya kwanza ya upande huo ilijengwa wakati wa ukoloni ili wafanyakazi wakae karibu na reli na viwanda. Kaloleni, kwa mfano, ilijengwa katika miaka ya 1940, na kutoka hapo mtu aweza kufika katikati ya mji kwa miguu kabla ya saa moja kwisha. Lakini mji ulizidi kukua kuelekea mashariki. Umoja, Dandora na Kayole zilizaliwa katika miaka ya 1970 na 1980, na huko ni mwendo wa kilometa kama kumi, au zaidi, mpaka mjini.

Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza kazi Nairobi mwaka 1934. Baadaye yakaja matatu, ambayo jina lake latokana na nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kuyaruhusu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikitakiwa. Senti thelathini sasa ni hadithi ya wazee. Nauli ya leo hupanda mvua ikinyesha, na hupanda tena jioni watu wakiwa wengi kituoni.

Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, utaona mistari mirefu ya watu wakitembea kando ya Barabara ya Jogoo na Barabara ya Lunga Lunga kwenda kwenye viwanda. Watu wa mitaa hii wajua kutembea. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Waafrika wengi wa Nairobi walisusia mabasi wakaenda kazini kwa miguu. Hiyo ilikuwa siasa, si hesabu ya nauli. Lakini anayetembea leo, je, hesabu yake ni sawa?

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kibarua wa kiwandani hutembea kwa dakika 90, na matatu katika msongamano wa asubuhi huchukua dakika 40. Nauli tuseme ni shilingi 50. Watu wengi hukosea hapa. Husema, "Nikipanda matatu naokoa dakika 90." La. Utaokoa tofauti tu, yaani dakika 50. Kwa hiyo swali ni hili: je, dakika 50 zafaa shilingi 50?

Tuseme tena kibarua huyo hulipwa shilingi 600 kwa kazi ya saa nane. Hiyo ni shilingi 75 kwa saa, na dakika 50 ni kama shilingi 62. Kwa karatasi, matatu ni rahisi kuliko miguu. Lakini ngoja kwanza. Geti la kiwanda hufunguliwa saa moja na nusu. Akifika mapema hakuna atakayemlipa. Zile dakika 50 za alfajiri hazina mnunuzi. Kwa hiyo akitembea, hapotezi shilingi 62. Abaki na shilingi 50 mfukoni. Ikiwa mwili wake una nguvu na njia ni salama, huyo ametumia akili.

Sasa mtazame jirani yake, fundi wa jua kali pale Kamukunji, anayetengeneza majiko, sufuria na vyombo vya kulishia kuku ambavyo ninyi wakulima mwavinunua. Yeye halipwi kwa siku, hulipwa kwa kila kitu anachokimaliza. Saa moja zaidi kwenye kazi ni jiko moja zaidi. Huyo akitembea kwa miguu ili kuokoa shilingi 50, amejiibia mwenyewe.

Wote wawili watoka mtaa mmoja, wapita njia moja, na nauli ni ile ile. Lakini mmoja afanya vizuri kutembea, na mwingine afanya vizuri kupanda. Hili ndilo jambo la kwanza nitakalo mlishike. Saa haina bei yake yenyewe. Bei ya saa ni kile ambacho ungefanya nayo. Anayeokoa saa akaenda kuimaliza kwenye kamari au kwenye umbea hakuokoa kitu. Ametupa nauli na ametupa saa.

Maharagwe ya kuchemshwa

Mtu wa shambani akienda Eastlands hushangaa kuona watu wakinunua maharagwe au githeri iliyokwisha kuchemshwa, wakipimiwa kwa kikombe kando ya barabara. Husema, "Watu wa mjini wamekuwa wavivu. Hata maharagwe hawawezi kuyachemsha!" Asiwacheke. Mtu aishiye katika chumba kimoja akichemsha maharagwe machache kwa saa tatu, atatumia makaa mengi kwa chakula kidogo. Mama mwenye sufuria kubwa huchemsha ya watu hamsini kwa moto mmoja. Mnunuzi ameokoa makaa na saa zake, na mama naye amepata riziki.

Lakini mkulima mwenye kuni za kupogoa miti yake, na jiko ambalo lawaka kutwa nzima, akinunua maharagwe ya kuchemshwa sokoni, huyo ametupa pesa. Maharagwe ni yale yale. Msiige mji bila kupima, wala msiucheke mji bila kupima.

Somo la Dandora

Jambo kubwa zaidi lilitokea Dandora. Katika miaka ya 1970 Baraza la Mji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 1975, lilipima viwanja kama 6,000 kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Kiwanja kilikuwa na maji na choo, na mwenyewe alitakiwa kujenga vyumba polepole. Wenye kupanga mambo walitumaini ya kwamba watu wangejenga kwa mikono yao wenyewe baada ya kazi na siku za mapumziko, na hivyo nyumba zingekuwa za bei nafuu.

Ni nini kilichotokea? Wengi waliajiri mafundi. Wengine walichanga pesa katika vikundi, wakajengeana kwa zamu. Wachache ndio waliojenga kwa mikono yao peke yao. Je, walikuwa wavivu? Hata kidogo. Mtu mwenye kibanda cha biashara alijua ya kwamba akikifunga ili ajifunze kupanga mawe, atapoteza wateja, na ukuta wake utapinda. Afadhali auze bidhaa zake, amlipe fundi, na chumba kikamilike upesi apate kukipangisha. Kila mwezi chumba kilipokaa bila kukamilika ulikuwa ni mwezi wa kodi iliyopotea.

Kosa halikuwa la watu wa Dandora. Kosa lilikuwa katika mawazo ya kwamba mtu maskini hana pesa lakini wakati anao mwingi. Si kweli. Mara nyingi maskini ndiye mwenye wakati mchache kuliko wote, kwa sababu kila kitu ambacho tajiri hukinunua, maskini hukilipa kwa saa zake na kwa miguu yake.

Ninyi wa skimu mwalijua jambo hili. Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962 uliwapa jamaa kama 35,000 ardhi, na pamoja na ardhi, deni. Waliofika siku zile walijenga nyumba, walipiga ua, walilima, walikamua na kulipa mkopo, yote kwa mikono ile ile miwili. Waliofaulu hawakufanya kila kitu wenyewe. Walijua ni kazi gani ya kufanya kwa mkono, na ni ipi ya kumlipa mtu.

Saa ya nani?

Sasa nafika kwenye jambo ambalo laniuma zaidi. Katika nyumba nyingi, mjini na mashambani, iko saa ya mtu mmoja ambayo haiandikwi katika daftari yoyote. Ni saa ya mama.

Januari 2017, maji yalipopungua katika bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ambalo ndilo lenye kulisha sehemu kubwa ya Nairobi, mji uliwekewa zamu ya maji. Wenyeji wa Eastlands wazijua zamu hizi vizuri. Bomba likikauka, iko njia mbili: kupanga foleni na mitungi kwenye kioski cha maji, au kumnunulia mtu wa mkokoteni anayeleta maji mpaka mlangoni kwa bei ya juu.

Tuseme mtungi wa lita 20 ni shilingi 5 kwenye kioski na shilingi 20 kwa mkokoteni. Kwa mitungi minne, tofauti ni shilingi 60. Baba asema, "Shilingi sitini ni pesa nyingi. Mama na aende foleni." Mama akaa foleni na kubeba kwa saa mbili. Lakini mama huyo ana meza ya mboga kando ya njia, na saa hizo mbili za jioni ndizo watu warudipo kutoka kazini na kununua sukuma wiki. Ikiwa faida yake ya jioni ni shilingi 150, nyumba haikuokoa shilingi 60, imepoteza 90. Baba haoni hasara, kwa sababu hakuna shilingi iliyotoka mfukoni mwake.

Na ikiwa mama amtuma binti yake badala yake, hasara haiondoki. Yahamia kwenye daftari ya shule, na huonekana siku ya mtihani, ambapo hakuna atakayekumbuka mitungi.

Usiseme ya kwamba hayo ni mambo ya mjini. Ni wangapi katika skimu zetu ambao nyumba zao zina mapaa ya mabati, lakini hazina mfereji wa kukingia mvua wala tangi? Mvua yanyesha juu ya paa, yaingia udongoni, na kesho yake mama ashuka mtoni na debe mgongoni. Ukimwuliza mwenye shamba, ajibu, "Tangi ni ghali." Ni ghali kwa nani? Kwa mama, tangi lingekuwa limejilipa zamani. Hesabu saa anazotumia kwenda mtoni kwa mwaka mmoja, kisha ujiulize kama ungekubali kumwajiri kibarua wa kazi hiyo kwa mshahara wa haki. Ikiwa ungekataa kwa sababu ni pesa nyingi mno, basi umekiri kwa kinywa chako bei ya kazi ambayo waipata bure.

Magunia mawili kwenda Marikiti

Turudi sasa shambani. Wakulima wengi hulalamika juu ya mabroka, na mara nyingi wana haki. Lakini dawa ya broka si kila mkulima kupanda gari na gunia lake. Tufanye hesabu.

Tuseme broka akupa shilingi 2,000 kwa gunia la viazi la kilo 50 langoni, na katika soko la Wakulima, Nairobi, ambalo watu huliita Marikiti, bei ni 2,800. Tofauti ni 800. Una magunia mawili, kwa hiyo watumaini kupata 1,600 zaidi. Toa uchukuzi wa lori, 200 kwa kila gunia, yaani 400. Toa nauli yako kwenda na kurudi, 800. Toa chakula, 200. Toa ushuru wa soko, 50 kwa kila gunia, yaani 100. Jumla ya gharama ni 1,500. Umebaki na shilingi 100, na umekuwa mbali na shamba siku mbili. Umefanya kazi kwa shilingi 50 kwa siku! Hata kijana wa kuchunga mbuzi hatakubali.

Sasa chukua wakulima kumi, kila mmoja na magunia mawili, wamtume mtu mmoja mwaminifu. Magunia 20 yaleta ziada ya shilingi 16,000. Toa uchukuzi 4,000, nauli 800, chakula 200 na ushuru 1,000, jumla 6,000. Imebaki 10,000. Mlipeni mjumbe wenu 2,000 kwa siku zake mbili, kwa sababu saa yake nayo ina bei. Imebaki 8,000, yaani 800 kwa kila mkulima, na watu tisa hawakuacha mashamba yao hata kwa saa moja.

Bei zitabadilika kwa majira, nawe weka za kwenu. Lakini mfano hautabadilika: saa za watu kumi zikitumika kufanya kazi ya mtu mmoja, tisa zimetupwa. Kadhalika kwa maziwa. Majirani wanane wanaobeba kila mmoja mtungi wake mpaka kituoni kila asubuhi wangeweza kupeana zamu na punda mmoja.

Siku isiyongoja

Liko jambo moja ambalo mkulima analo na mtu wa kiwandani hana. Kwa kibarua wa Eastlands, Jumanne na Jumatano ni sawa. Kwa mkulima, siku hazilingani. Siku ya kiangazi, wakati mahindi yamekwisha vunwa na ardhi ni kavu, saa yako ni rahisi. Siku hiyo tembea, tengeneza ua mwenyewe, nenda mpaka duka la mbali ukatafute misumari ya bei nafuu. Hapo kushika shilingi ni busara.

Lakini siku mvua za kwanza zinapokaribia, saa yako ni ghali kuliko ya mtu yeyote katika Kenya. Kila Bwana Shamba amewaambia ya kwamba mahindi yaliyochelewa kupandwa hutoa mavuno machache. Mkulima anayetumia siku tatu za wakati huo akizunguka kutafuta mbolea iliyopunguzwa bei kwa shilingi 100, au akingojea trekta ya rafiki yake kwa kuwa ni nafuu, aokoa mia moja na kupoteza magunia. Na magunia hayo hatayaona kamwe, kwa hiyo hatajua ya kwamba aliyapoteza.

Kadhalika kuhusu kutuma pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wako bado wanaopanda gari kupeleka karo kwa mkono ili kukwepa ada ya kutuma. Ada yaonekana, siku iliyopotea haionekani. Nauli yenyewe mara nyingi yaishinda ada.

Neno kwa asiye na kitu

Najua wengine watasema, "Bwana, wewe wazungumza juu ya kununua wakati. Mimi sina hiyo shilingi hamsini." Hilo ni neno la kweli, na sitalifunika. Mtu asiye na nauli hana hesabu ya kufanya, atembea tu. Na anayetembea kwa sababu mfuko ni mtupu astahili heshima, wala hahitaji kufundishwa kubana matumizi. Lakini hata yeye aweza kujiuliza swali moja: shilingi nitakayoipata kwanza itaondoa mzigo gani unaokula saa nyingi za nyumba hii? Mara nyingi jibu ni dogo: mfereji wa bati na pipa, au jembe jipya mahali pa lililochakaa.

Basi naomba ufanye hivi kwa mwezi mmoja. Chukua daftari ya mtoto, piga mstari katikati. Upande mmoja andika shilingi zilizotoka. Upande wa pili andika saa zilizotoka, na mbele ya kila saa andika jina la mwenyewe: baba, mama, mtoto. Mwisho wa mwezi kaeni pamoja, wote wa nyumba, mulisome. Muulize mambo matatu. Saa hii ingefanya kazi gani nyingine? Ilikuwa ni saa ya nani? Je, ilikuwa ya siku ambayo yangoja, au ya siku isiyongoja?

Huenda ukaona ya kwamba wewe u mwekaji akiba mzuri, na hesabu zako ni sawa. Huenda pia ukaona ya kwamba akiba unayojivunia imelipwa na mtu mwingine wa nyumba yako, ambaye hujamwuliza. Ikiwa ni hivyo, anza na tangi.